Chumba cha kusomea katika komine ya Kenya, Lubumbashi: tathmini ya mwanafunzi wa ualimu

Kila mwanafunzi wa ualimu nchini Kongo anaifahamu karatasi ya maandalio ya somo. Mwanzoni mwake, baada ya kuwakumbusha watoto somo lililopita na kabla ya kutangaza somo jipya, kuna nafasi ndogo ya hamasa, ambamo tunatakiwa kuandika swali au kisa kifupi kitakachowafanya watoto watamani kusikia yanayofuata. Tunaijaza nafasi hiyo tangu sekondari ya ualimu hadi mazoezi ya mwisho katika taasisi za juu, na wasimamizi wetu hukata alama tukiiacha wazi. Kuhusu hamasa ya yule anayeijaza karatasi, hakuna mstari uliotengwa. Huduma ninayoitathmini hapa ilianzishwa kwa kusudi dogo, yaani kuwakodishia vijana kiti na taa nyakati za jioni, lakini kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa mwanafunzi wa ualimu wa Lubumbashi kuliko nyingine zote nilizozijaribu, na sababu yake haihusiani sana na viti wala taa.

Ni chumba cha kusomea kilicho katika komine ya Kenya, upande unaoelekea Kamalondo. Wasomaji wa Afrika Mashariki wasishangae: Kenya ni mojawapo ya komine saba (sehemu za kiutawala) za mji wetu. Chumba hakina bango wala jina rasmi. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu wa kemia na hisabati ambaye wakubwa kwa wadogo humwita Papa Mwalimu. Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama, ndiye anayepokea fedha, anayeandika majina katika daftari, na anayeuza chai, ndizi na karanga mlangoni. Chenyewe ni ukumbi mmoja mrefu ulioezekwa kwa mabati, wenye meza za mbao na mabenchi yanayotosha watu wapatao arobaini wakibanana. Kuna ubao mkubwa kwenye ukuta wa mbele, na mwingine mdogo kwenye kibaraza cha nyuma. Hufunguliwa saa tisa alasiri na kufungwa saa tatu usiku, isipokuwa Jumapili.

Jioni moja hugharimu franka 1,000. Asiyekuwa na fedha hizo, au asiyetaka kuzitoa, anaweza kulipa kwa kufundisha. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu wanafunzi wa shule za jirani huingia bure, na kijana yeyote wa chuo anayewafundisha kwa nusu saa, akiwa amesimama ubaoni, hukaa jioni nzima bila kulipa. Wanaomaliza sekondari nao huruhusiwa kuwafundisha wadogo zao kwa sharti lilelile. Hakuna mkataba wala kadi ya uanachama. Mama huweka alama mbele ya jina lako katika daftari, na mambo yamekwisha.

Nianze na taa, kwa kuwa wengi wataulizia taa kwanza. Ni nzuri. Zinatokana na paneli za jua zilizofungwa juu ya paa, na hazitegemei nguzo ya barabarani. Mabwawa ya umeme ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, na yale ya Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, yalijengwa kwanza kwa ajili ya migodi. Baadaye ikaja laini ya umeme ya takriban kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga, magharibi mwa nchi, hadi Kolwezi, nayo kwa ajili ya migodi vilevile. Na mpaka leo mitaa ya watu wa kawaida hukaa gizani jioni nyingi huku nyaya zikipita juu ya vichwa vyao. Katika hali hiyo, meza yenye mwanga usiokatika ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana kwa mtu asiyewahi kusoma silabusi kwa mwanga wa simu. Angalizo ni moja tu: katika miezi ya mvua, mawingu yakitanda kutwa nzima, betri huishiwa nguvu mapema na taa za nyuma huzimwa, kwa hiyo anayekuja siku kama hiyo awahi viti vya mbele.

Kiini cha huduma hii, hata hivyo, ni ubao. Mtu anayekuja kwa mara ya kwanza huiona ile nusu saa ya kufundisha kama njia ya kuokoa franka 1,000, na pengine ndivyo ilivyokusudiwa. Kisha anakutana na mtoto anayeuliza. Nilimshuhudia mwanafunzi mmoja wa hisabati, kijana hodari ambaye promosheni nzima, yaani wenzake wote wa mwaka wake, humtegemea wakati wa mitihani, akiwaeleza watoto jinsi ya kugawanya sehemu kwa sehemu. Kanuni aliijua barabara: geuza sehemu ya pili, kisha zidisha. Msichana mmoja wa benchi la mbele akauliza, "Yaya, kwa nini tunaigeuza?" Yaya, yaani kaka mkubwa kwa Kiswahili chetu, akarudia kanuni. Msichana naye akarudia swali, kwa adabu lakini bila kurudi nyuma. Papa Mwalimu, ambaye kwa kawaida hukaa pembeni akisoma gazeti la zamani na kujifanya hasikii, akamwambia kijana amuulize mtoto juu ya unga.

Kila nyumba ya Lubumbashi hununua unga wa mahindi kwa meka, kipimo chetu cha sokoni. Ikiwa mama amebakiwa na robo tatu za meka, na kila siku hupika bukari, yaani ugali, kwa nusu ya meka, unga huo utamtosha siku ngapi? "Moja na nusu," msichana akajibu kabla kijana hajamaliza kuandika, kisha akacheka kwa kugundua kwamba alikuwa amegawanya robo tatu kwa nusu bila kugeuza chochote. Kilichobaki kilikuwa kuwaonyesha watoto kwamba katika meka moja mna nusu mbili, kwa hiyo katika robo tatu za meka mna robo tatu ya hizo nusu mbili, na kwamba kule kuzidisha kwa mbili ndiko kugeuza kwenyewe. Kijana alilieleza hilo polepole, akifuta na kuandika upya, na ilikuwa wazi kwa kila aliyemtazama kwamba naye alikuwa akilielewa kwa mara ya kwanza. Jioni hiyo alikaa akichora vipande vya sehemu katika daftari lake mwenyewe, ingawa hapakuwa na mtihani wowote uliokaribia. Wiki iliyofuata alilipa fedha taslimu mlangoni, na bado akaenda ubaoni.

Masharti ya ubao ni machache, na lililo muhimu zaidi ni hili: mtoto anaweza kuuliza kwa Kiswahili, na aliyeko mbele lazima amjibu kwa Kiswahili, hata kama somo limeandikwa kwa Kifaransa. Shule zetu za sekondari na vyuo vyetu hufundisha kwa Kifaransa, na sina ugomvi na jambo hilo, kwa sababu ndilo linalotuwezesha kusoma vitabu tulivyo navyo. Lakini wengi wetu tumevuka mwaka hadi mwaka kwa kukariri sentensi za silabusi na kuzirudisha kwa profesa zikiwa nzima kama tulivyozipokea. Sentensi hizo hazifanyi kazi mbele ya mtoto wa komine ya Katuba anayetaka kuelezwa kwa lugha anayozungumza nyumbani. Unalazimika kuliacha fungu la maneno na kulishika jambo lenyewe, na ukikuta kwamba hukuwa umelishika, unajua hapohapo, bila kusubiri matokeo yabandikwe ukutani.

Mfano mzuri kuliko yote niliyoisikia humo ulikuwa wa kemia. Mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili alileta kipande cha malakiti, lile jiwe la kijani ambalo huku kwetu hata watoto wamelishika mikononi, akawauliza wasikilizaji wake shaba nyekundu hutokaje katika jiwe la kijani. Akaeleza kwamba malakiti ikipashwa moto hutoa maji na gesi ya kaboni dioksidi, na kubaki unga mweusi ambao ni shaba iliyoungana na oksijeni. Kisha makaa, yanapokuwa na moto mkali, huichukua oksijeni hiyo na kuiacha shaba peke yake. Akaongeza kwamba wahunzi wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba kwa makaa na kuimimina katika umbo la misalaba muda mrefu kabla ya kiwanda cha Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni, kutoa shaba yake ya kwanza mjini hapa mwaka 1911. Watoto hao huliona kila siku lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mlima mweusi wa masalio ulio kando yake. Maswali yalikuwa mengi kiasi kwamba nusu saa ilikwisha, ikaongezwa, na bado Mama alilazimika kupiga kengele ya mkononi ili wanafunzi wa jioni waweze kukaa. Dada huyo aliniambia baadaye kwamba sura hiyohiyo ya silabusi aliifanyia mtihani mwaka uliotangulia na kupata alama nzuri, na kwamba hakuwahi kufikiri hata mara moja kuwa inahusu mji anamoishi.

Haya si mambo ninayoyategemeza kwa macho yangu tu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulijua. Waliwapa wanafunzi wa chuo matini fupi za kusoma. Baadhi wakazisoma tena, wengine wakafunga matini na kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobakiwa na mengi. Anayesimama ubaoni katika chumba hiki hufanya jambo la aina hiyo, kwa kuwa Papa Mwalimu hakubali mtu asome kutoka katika daftari. Unaruhusiwa kipande cha karatasi chenye ukubwa wa kiganja, na hata hicho hukitazama kwa jicho baya. Kwa hiyo hata mwanafunzi asiyejali watoto wa watu, anayetaka alama tu, anapata faida.

Hapa ni lazima nilinganishe na huduma nyingine inayotangazwa sana kwetu, yaani semina za hamasa. Katika ukumbi wa hoteli moja ya mjini kati, ambayo sitaitaja, tuliketi kuanzia asubuhi hadi alasiri kwa ada ya dola 10, chakula kikiwa nje ya ada, tukimsikiliza mzungumzaji aliyevaa suti nzuri akituambia kwamba umaskini ni hali ya fikra. Tulisimama, tukapiga makofi, tukamgeukia jirani na kumwambia kwamba yeye ni tai. Mwisho tulipewa cheti cha kushiriki chenye mhuri. Sikatai kwamba nilitoka nikiwa na nguvu, lakini nguvu yenyewe haikufika kituo cha teksi, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuifanyia kazi: hakuna aliyenifundisha jambo, wala hakuna aliyenitaka nimfundishe mtu. Jirani yangu, ambaye alikuwa tai, hakuniambia hata anasoma nini. Kwa bei hiyohiyo, mtu angeweza kukaa katika chumba cha Papa Mwalimu jioni nyingi, au, akipenda, jioni zote za mwaka bure.

Kuna pingamizi moja ambalo nililifikiria sana. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci alieleza jaribio ambamo wanafunzi wa chuo walipewa fumbo la vipande vya kuunganisha. Kundi moja lililipwa dola 1 kwa kila umbo walilolikamilisha, kundi jingine halikulipwa. Malipo yalipokoma, waliokuwa wamelipwa walipungukiwa na hamu ya kuchezea fumbo wakati wa mapumziko, wakati wenzao waliendelea kulishughulikia kwa sababu liliwavutia. Je, kumpa mwanafunzi kiti cha bure kwa kuwa amefundisha hakutamfanya aione kazi ya kufundisha kama njia ya kupata kiti? Kwa baadhi, ndivyo inavyokuwa. Wapo wanaokuja saa kumi na moja kasorobo, wanaandika ubaoni ufafanuzi mrefu wa Kifaransa, wanawaambia watoto wanakili, na muda ukitimia wanakwenda kukaa. Dawa ya Papa Mwalimu ni rahisi na kali: watoto huchagua wenyewe watakayemsikiliza. Vijana wawili hufundisha kwa wakati mmoja, mmoja mbele na mmoja kibarazani, na mtoto asiyeridhika hunyanyuka na kuhamia upande wa pili. Aliyebaki na mabenchi matupu hupewa kiti chake bila maneno, lakini kila mtu ameona.

Deci na mwenzake Richard Ryan walikuja kueleza kwamba hamasa inayodumu hujengwa na mambo matatu: mtu kujiamulia, kujiona anaweza, na kuwa na watu anaohusiana nao. Nikipima chumba hiki kwa vipimo hivyo, naona kwamba mwanafunzi huchagua somo lake mwenyewe, huona palepale kama ameeleweka, na hukutana na watoto walewale wiki baada ya wiki mpaka wanamjua kwa jina. Nadhani hili la mwisho lina uzito kuliko watu wengi wanavyokubali. Kuna jioni ambazo mtu hajisikii kusoma hata kidogo, na kinachomtoa nyumbani ni mvulana fulani ambaye juzi aliahidiwa kuelezwa kwa nini mwezi hubadilika umbo.

Sasa kasoro, nazo hazikosekani. Kubwa zaidi ni kelele. Muda wa watoto na muda wa wanafunzi hugongana kwa karibu saa moja, kwa kuwa wengi wetu hutoka chuoni saa kumi na kufika pale wakati masomo ya ubaoni yamepamba moto. Anayetaka kusoma kimya katika saa hiyo atateseka. Ukuta mwepesi wa mbao kati ya ukumbi na kibaraza ungesaidia, na nimemwambia Papa Mwalimu hivyo. Akanijibu kwamba mwalimu asiyeweza kusoma penye watoto atasomea wapi. Ni jibu la kuchekesha, lakini halipunguzi kelele. Kati ya Novemba na Machi mvua ikipiga mabati hakuna anayesikia chochote, wala mtoto wala mwalimu, na masomo husimama. Siku ambazo TP Mazembe inacheza katika uwanja wake wa Kamalondo, ni vyema kukubali tangu mapema kwamba jioni hiyo imekwenda na maji.

Choo ni kimoja kwa watu wote, na kwa idadi ile hakitoshi. Wasichana hulalamikia jambo jingine lenye uzito zaidi, nalo ni kurudi nyumbani saa tatu usiku kupitia vichochoro visivyo na taa. Mama huwapanga waondoke kwa makundi kulingana na mitaa yao, na anayekwenda mbali, kama Ruashi, hushauriwa kuondoka kabla ya giza kuingia, ambayo maana yake ni kwamba msichana wa Ruashi hulipa bei ileile kwa saa chache. Ningependekeza bei ya nusu kwa anayetoka mapema. Simu haziruhusiwi mezani, na intaneti hakuna. La kwanza nalisifu, la pili linaumiza wanaoandika kazi za mwisho wa masomo.

Rafu ya vitabu ni ya kustahi zaidi kuliko kusifu. Kuna kamusi za Kifaransa zilizopoteza majalada, vitabu vya hisabati vya zamani ambavyo bado ni vizuri, na mafurushi ya maswali ya miaka iliyopita ya Mtihani wa Taifa, ambao kila mtu huuita Exetat. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mtihani huo ni ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari huyapigania mafurushi hayo kuanzia Mei. Wanaosomea historia, jiografia au lugha hawana cha maana humo, na hata ubaoni masomo yao huonekana kama wageni, kwa sababu mwenye nyumba ni mtu wa kemia na hisabati na watoto wamekwisha kujua hivyo. Nilimwona mwanafunzi mmoja wa historia akiwakusanya watoto wengi kwa kueleza jinsi Élisabethville ilivyokuja kuitwa Lubumbashi mwaka 1966, kwa hiyo inawezekana. Ila anayefanya hivyo anapanda mlima ambao mwenzake wa hisabati amekuta umesawazishwa.

Lipo jambo moja ambalo chumba hiki hakiwezi kulitatua, na sifa yake ni kwamba hakijidai kulitatua. Kila mwaka katika promosheni zetu kuna wanaoacha ualimu na kwenda Kolwezi au Fungurume kutafuta nafasi katika kampuni za madini, na hakuna anayewalaumu. Mwanafunzi wa ualimu anajua kwamba wako walimu wanaofundisha kwa miaka bila kuingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Anajua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipoacha kuwalipa walimu ipasavyo, wazazi walianza kuchanga fedha za kuwatia moyo, na mchango huo ukageuka ada ya kudumu iliyowafukuza shuleni watoto wa maskini. Elimu ya msingi bila malipo, ambayo Katiba ya mwaka 2006 iliitaja na ambayo ilianza kutekelezwa Septemba 2019, iliwarudisha watoto wengi darasani, jambo jema kabisa, na ikamwachia mwalimu darasa ambalo watoto sabini au themanini si jambo la kushangaza. Kila tarehe 30 Aprili, siku ya walimu nchini Kongo, tunasikia hotuba juu ya wito mtukufu. Papa Mwalimu hafungi chumba siku hiyo wala hatoi hotuba. Aliwahi kuulizwa na kijana mmoja, mbele yetu sote, "Papa, kama ungeanza upya leo, ungesomea ualimu?" Akajibu kwamba angesomea ualimu na kilimo kwa pamoja, kwa sababu chaki hailiwi, kisha akamwonyesha kijana yule shamba lake la mahindi na sombe (majani ya muhogo) lililo nyuma ya kibaraza.

Naliona jibu hilo kuwa la kweli kuliko yote niliyolipia dola 10 kuyasikia. Hamasa inayopatikana humo haimwahidi mtu mshahara. Inampa sababu ya kufungua daftari leo jioni, na kwa mwanafunzi aliyechoka hilo ndilo hitaji lililo karibu. Kwa anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, manufaa ni ya moja kwa moja. Wenzetu wengi husimama mbele ya watoto kwa mara ya kwanza siku ile ya somo la majaribio, msimamizi akiwa ameketi nyuma na kalamu mkononi, na hofu huwafanya wamalize somo la dakika hamsini kwa dakika ishirini. Waliopitia ubao wa Kenya huingia darasani wakiwa wamekwisha kuulizwa maswali magumu kuliko ya msimamizi, na nafasi ile ndogo ya hamasa katika karatasi ya maandalio huijaza kwa kitu walichokwisha kukijaribu na kuona watoto wakiinua vichwa.

Ninakipa chumba hiki alama nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya kelele, choo, na ile saa ya kurudi nyumbani. Ninakipendekeza kwa wanaosomea hisabati, fizikia, kemia na biolojia, na kwa wanafunzi wa sekondari ya ualimu, ambao diploma yao inawapeleka moja kwa moja kufundisha shule ya msingi na ambao kwa maoni yangu ndio wanaokihitaji kuliko sote. Sikipendekezi kwa anayeandika kazi ya mwisho wa masomo na anayehitaji vitabu vipya au intaneti. Huyo atafute maktaba za chuo kikuu au za mjini kati. Siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu huwa na watu wengi wanaokimbizana na kazi za wiki, na Jumamosi watoto huja wachache. Mwezi wa Mei na wa Juni andikisha jina lako kwa Mama siku moja kabla, na kama utafundisha, mwambie somo lenyewe ili awatangazie watoto mapema. Chaki hutolewa, lakini kitambaa cha kufutia ubao kila mtu huja na chake.